Sanduku Lenye Kufuli Tatu: Historia ya Malipo Katika Mji wa Goma

Keshero ni mtaa wa magharibi mwa Goma, ukishapita Himbi unapoelekea Mugunga na Sake. Kusini mtaa unaishia Ziwa Kivu, na huko ufukoni liko Kituku, soko na bandari ndogo ambako boti za Minova hushusha maharage, kabichi, ndizi, mihogo na makaa. Mama anayechukua gunia la maharage Kituku asubuhi anaweza kulilipia kwa dola za Marekani, akarudishiwa chenji kwa faranga za Kongo, akamtumia mwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo, ujira wake kwa simu, na jioni akatoa mchango wake wa likelemba, upatu wa zamu, kwa noti mkononi. Yeye haoni ajabu. Lakini kila moja ya njia hizo ina tarehe yake ya kuzaliwa, na karibu zote zilizaliwa baada ya njia iliyozitangulia kuwaangusha watu.

Ukizipanga njia hizo kwa miaka yake, unaona jambo moja likijirudia kwa zaidi ya karne. Fedha ya Goma imekuwa ikichapwa, kuhifadhiwa na kuamuliwa mahali pengine. Njia ya kufika huko ikikatika, mji unabaki na vitabu vya hesabu visivyoweza kununua hata kilo ya sukari.

Kutoka bangili hadi faranga

Kabla mipaka haijachorwa, watu wa pande zote za ziwa walikuwa na fedha yao. Watembo wa msituni, magharibi mwa Ziwa Kivu, walisuka bangili nyembamba za nyuzi za mimea zilizoitwa butega. Bangili hizo zilivuka ziwa hadi Rwanda, ambako wanawake walizivaa miguuni nyingi kwa pamoja, na katika safari hiyo zilinunua mifugo, chakula na majembe. Hakuna mfalme aliyeziwekea muhuri. Zilipokewa kwa sababu kila aliyezipokea alijua nani angezitaka kesho.

Wabelgiji walileta faranga, na kodi ikaja nayo. Banque du Congo Belge ilianzishwa mwaka 1909 na wenye mitaji wa Brussels, na mwaka 1911 ikapewa haki ya kutoa noti za koloni. Kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha hiyo tu, kwa hiyo mkulima wa Kivu aliyekuwa na ng'ombe na mtama alijikuta maskini mbele ya mkusanya kodi mpaka alipokwenda kufanya kazi ya ujira. Goma wakati huo kilikuwa kituo kidogo cha Wabelgiji kilichotazamana na Gisenyi ya Wajerumani. Mkataba wa mpaka ulifikiwa mwaka 1910, na miaka sita baadaye, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliingia Rwanda na faranga ya Kongo ikavuka pamoja na askari wao. Kuanzia 1916 hadi 1960, Goma na Gisenyi zilitumia fedha moja. Hilo linafaa kukumbukwa, maana leo watu wa miji hiyo miwili, ambao wanaweza kuitana ng'ambo ya mpaka, wanahesabu kwa fedha mbili na kulipa kwa ya tatu.

Mwaka 1950 serikali ya koloni ilianzisha sanduku la akiba la wananchi, mzazi wa taasisi inayojulikana leo kama Cadeco. Karani, mwalimu na fundi waliambiwa waweke kidogo kidogo, na wengi wakaweka. Jina hilo tutalikuta tena mwishoni mwa masimulizi haya, katika hali ambayo waanzilishi wake wasingeiwazia.

Krismasi ya mwaka 1979

Tarehe 23 Juni 1967 rais Mobutu alizindua fedha mpya, zaire. Kila zaire moja ilichukua nafasi ya faranga 1,000 za zamani, na ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Kwa miaka michache ilikuwa fedha ya heshima, na Goma ilikuwa na sababu ya kutazama mbele. Mwaka 1976 Zaire (jina la Kongo wakati huo), Rwanda na Burundi zilitia saini Gisenyi mkataba wa Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na mwaka uliofuata zikakubaliana kuunda benki ya maendeleo ya pamoja. Makao makuu yake yaliwekwa Goma. Hiyo ndiyo BDGL, iliyoanza kazi mwaka 1980. Kwa mara ya kwanza, benki ya kimataifa ilikuwa na kiti chake katika mji huu, si katika mji mkuu wa mbali. Vita vya miaka ya 1990 vilipowagombanisha wenye hisa wake watatu, shughuli zake zilisimama. Jina limebaki kwenye mzunguko wa barabara ambao kila mwendesha pikipiki wa Goma anaujua.

Wakati benki hiyo ikijiandaa kufungua milango, zaire ilikuwa imeshaanza kuugua. Tarehe 25 Desemba 1979, watu wakiwa kwenye sikukuu, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 zimefutwa. Siku za kubadilisha zilikuwa chache, na kiasi alichoruhusiwa mtu mmoja kilikuwa na kikomo. Aliyekaa karibu na benki na kumjua mtu ndani alipona. Mfugaji wa Masisi aliyeficha fedha ya ng'ombe wake nyumbani alibaki na karatasi. Somo lilikuwa chungu, na watu walilishika: noti ya serikali inaweza kufa usiku mmoja, kwa neno linalosomwa redioni.

Yaliyofuata yalithibitisha somo hilo. Serikali ilichapa noti kulipia mapengo yake, bei zikapanda, noti kubwa zaidi zikachapwa. Mwishoni mwa 1992 ilitoka noti ya zaire milioni 5. Étienne Tshisekedi, aliyekuwa waziri mkuu na mpinzani wa Mobutu, alisema noti hiyo si halali, na wafanyabiashara wakaikataa. Januari 1993 askari walilipwa kwa noti hizo hizo. Walipokwenda nazo madukani zikakataliwa, na ghasia zilizozuka Kinshasa ziliua watu wengi, akiwemo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard. Oktoba mwaka huo ikaletwa zaire mpya, moja kwa kila milioni 3 za zamani.

Hesabu ya mwenye akiba inasema yote. Noti ndogo kuliko zote za fedha mpya, likuta mpya moja, ilikuwa sawa na zaire 30,000 za zamani. Mtu aliyeweka zaire 1,000 mwaka 1967, kiasi kilichonunua dola 2,000 siku hiyo, hakuwa na noti ya kurudishiwa. Hakuna aliyemwibia, na hakuna aliyeshtakiwa. Mzee aliyepitia hayo hahitaji kuelezwa kwa nini mwanawe haweki fedha benki.

Mji wa dola

Dola haikuingia Goma kwa sheria. Iliingia kwa mlango wa wafanyabiashara waliofuata bidhaa Kampala, Nairobi na Dubai, na mwezi Julai 1994 ikamiminika. Katika siku chache, karibu wakimbizi milioni moja wa Rwanda walivuka mpaka. Kambi zikajaa Kibumba, Katale na Mugunga, na barabara ya Mugunga, inayopita Keshero, ikawa njia ya malori ya misaada. Mashirika yalikodi nyumba, magari na wafanyakazi, na yalilipa kwa dola. Wakimbizi nao, pamoja na viongozi wa serikali ya Rwanda iliyoshindwa vitani, walikuja na faranga nyingi za Rwanda. Serikali mpya ya Kigali ilijibu kwa kubadilisha noti mwanzoni mwa 1995, na aliyekuwa amezipokea noti za zamani upande wa Goma akaonja tena uchungu wa mwaka 1979, safari hii kutoka nchi ya jirani.

Hapo ndipo mbadilisha fedha wa barabarani, ambaye Goma yote inamwita kambisti, alipokuwa taasisi kamili. Anakaa kando ya barabara na meza ndogo, kikokotoo na mafungu ya noti yaliyofungwa kwa mpira, na kabla ya saa mbili asubuhi ameshajua dola inauzwaje leo. Bei hiyo haitoki Kinshasa. Inatokana na malori yaliyoingia, mishahara iliyolipwa na habari za usiku. Kambisti ndiye pia hakimu wa noti. Dola yenye mchano mdogo kama ukucha hukataliwa, yenye maandishi ya kalamu hupunguzwa thamani, na noti ya dola moja mara nyingi haitakiwi kabisa. Faranga ya Kongo, kinyume chake, hupokelewa hata ikiwa imechakaa mpaka picha haionekani. Dola huwekwa akiba, nayo lazima ibaki safi. Faranga ni ya kununulia mboga, kazi yake ni kupita mikononi.

Tarehe 30 Juni 1998 Laurent-Désiré Kabila, rais aliyemwondoa Mobutu, alizindua faranga mpya ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Haikutimiza hata wiki tano kabla vita havijazuka Goma, tarehe 2 Agosti. Mji ukawa makao makuu ya waasi wa RCD, na Kinshasa ikawa ng'ambo ya mstari wa vita. Januari 1999 Kabila alipiga marufuku biashara kwa dola. Amri hiyo haikuwa na wa kuitekeleza Goma, na mrithi wake, Joseph Kabila, aliilegeza mwaka 2001.

Katika miaka hiyo ya kukatika, malipo kati ya Goma na miji mingine yalipita kwa nyumba za kutuma fedha. Mtu alikabidhi dola zake Goma, karani akapiga simu au akazungumza kwa phonie, ile redio ya masafa marefu, akataja jina na nambari ya siri, na ndugu akalipwa upande wa pili. Hakuna noti iliyosafiri. Nyumba ya Goma na nyumba ya pili ziliandikiana deni na kulipana baadaye kwa bidhaa, kwa dhahabu au kwa begi la dola lililopakiwa ndege ndogo. Ndege hizo hizo zilipeleka fedha taslimu Walikale na kurudi na madini ya bati, na bei ya koltani ilipopaa mwaka 2000, wachimbaji wengi hawakuijua fedha nyingine isipokuwa dola.

Kisha mlima nao ukatoa hukumu yake. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulimwaga lava iliyopita katikati ya mji hadi ziwani na kuufunika moyo wa biashara. Mitaa ya magharibi, Keshero ikiwemo, haikufikiwa na moto huo. Waliopoteza nyumba wengi walihamia upande huo, na mtaa uliokuwa na mashamba na mawe ukajaa nyumba, shule, makanisa na maduka. Benki, hata hivyo, zilirudi kujengwa mjini. Mtu wa Keshero aliyetaka huduma yake ilibidi apande pikipiki.

Simu inachukua nafasi ya kaunta

Ni rahisi kuamini kwamba fedha ya simu ilikuja kutoka Kenya. Safaricom ilizindua M-Pesa Machi 2007, kweli, lakini Kongo ilikuwa imeshajaribu kabla ya hapo. Kampuni ya Celtel ilikuwa na huduma iliyoitwa Celpay, na katikati ya miaka ya 2000 ilitumika kuwalipa wapiganaji waliosalimisha silaha. Kila mmoja alipewa dola 110 za kuanzia, kisha dola 25 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Malipo yaliwafikia watu zaidi ya 100,000, wengi wao mahali pasipo na benki hata moja. Ilionekana wazi kwamba wakala mwenye simu na sanduku la fedha anaweza kufika pasipofika tawi.

Mwaka 2011 mambo mawili yalitokea. Serikali, kwa msukumo wa waziri wa fedha Augustin Matata Ponyo, ilianza kulipa mishahara ya watumishi kupitia benki. Kabla ya hapo mshahara wa mwalimu au askari ulishuka kwa mkono kutoka Kinshasa, ukipita kwa mhasibu baada ya mhasibu, na kila mkono ulibakiza chake. Sasa mwalimu wa Goma alikuwa na akaunti kwa jina lake, na majina ya watumishi hewa yakaanza kuonekana. Vijijini pasipo na benki, Caritas ilibebeshwa kazi ya kupeleka mishahara ya walimu. Na mwezi Desemba mwaka huo Benki Kuu ya Kongo ilitoa kanuni iliyoruhusu kampuni kutoa fedha ya kielektroniki, kwa sharti kwamba kila faranga au dola iliyomo kwenye simu iwe na ya kweli iliyowekwa benki.

Airtel, Tigo na Vodacom ziliingia mwaka 2012, Orange ikafuata. Vodacom ilizindua M-Pesa ya Kongo mwezi Novemba 2012, mwezi ule ule ambao waasi wa M23 waliiteka Goma, tarehe 20, na kukaa mpaka tarehe 1 Desemba. Benki zilifunga. Siku zile hazikuwa nyingi, mji ulipumua upesi, na hakuna aliyeona haja ya kujiuliza benki zingefungwa miezi badala ya siku ingekuwaje.

Kabine zikaota kila kona ya Keshero. Kabine ni kibanda au meza chini ya mwavuli, ambako zamani mtu alipiga simu kwa dakika na kununua uniti, na ambako sasa anaweka na kutoa fedha. Mteja ana mifuko miwili ndani ya simu moja, wa dola na wa faranga, jambo ambalo Mkenya au Mtanzania hana haja nalo. Mwenye kabine naye ana akiba mbili: fedha iliyomo kwenye simu yake ya kazi, na noti zilizomo drooni. Asubuhi watu wanakuja kutoa, noti zinapungua na simu inajaa. Wengine wakija kuweka, hesabu inarudi. Isiporudi, anakwenda kwa wakala mkubwa au benki, anakabidhi fedha ya simu na kuchukua noti. Safari hiyo ya benki, ambayo mteja haioni, ndiyo inayoiweka biashara nzima hai.

Kazi hiyo ina hatari yake. Kila mtu mtaani anajua kwamba jioni kambisti na mwenye kabine wanakwenda nyumbani na fedha, na kwa miaka mingi magharibi mwa Goma waliviziwa na watu wenye silaha. Wengine walikufa mlangoni mwao. Kwa hiyo kabine nyingi hufunga kabla ya giza, na huduma inayotangazwa kuwa ya saa 24 inakwenda na jua.

Mabenki hayakukaa bure. Equity ya Kenya ilinunua ProCredit Bank Congo mwaka 2015, ikanunua BCDC mwaka 2020, na kuziunganisha kuwa EquityBCDC. BCDC ndiyo mrithi wa Banque du Congo Belge ya mwaka 1909, hivyo benki kongwe ya Wabelgiji sasa ina wenyewe Nairobi. KCB, nayo ya Nairobi, ilichukua sehemu kubwa ya Trust Merchant Bank ya Lubumbashi Desemba 2022, miezi michache baada ya Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2018 ilipitishwa sheria ya mifumo ya malipo. Kwenye karatasi, Goma ilikuwa imeungana na dunia. Hata hivyo karibu asilimia 90 ya fedha iliyowekwa katika mabenki ya nchi ilikuwa ya kigeni, hasa dola. Wananchi walikuwa wameipa benki dhamana ya kutunza, lakini si dhamana ya kuchagua fedha gani.

Ufunguo uliobaki mtaani

Pembeni mwa benki na simu, Keshero ilikuwa na mfumo wa tatu, mkongwe kuliko hiyo miwili. Likelemba ni rahisi: wanawake kumi wa soko wanatoa kiasi sawa kila siku au kila wiki, na mmoja kwa zamu anachukua chote. Haina riba wala karatasi, na mwenye kukwepa zamu yake hana pa kujificha, kwa sababu anauza meza ya jirani. Asiyekuwa na kikundi anaangukia Banque Lambert, jina ambalo mtaa umempa mkopeshaji wa riba kubwa anayeshika runinga au hati ya kiwanja mpaka alipwe.

Kutokana na likelemba vilikua vikundi vilivyopangwa zaidi. Muso, vikundi vya kusaidiana vilivyoenea Kivu, vina masanduku matatu: la kijani la mikopo, jekundu la ugonjwa na msiba, na la bluu la mikopo kutoka nje. Avek, vikundi vya akiba na mikopo, zinafuata mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Zina sanduku moja la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti. Sanduku halifunguliwi mpaka watu wote wamekaa na fedha imehesabiwa mbele yao. Kwa mtazamo wa benki huo ni mfumo duni. Hauna riba ya soko, hauna bima, na mwizi mmoja anaweza kuumaliza. Lakini ndio mfumo pekee katika historia hii ambao ufunguo wake haukuwahi kutoka mtaani.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka tena, na tarehe 27 gavana wa kijeshi aliamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe. Maelfu walipita barabara ya Keshero kwa miguu kuelekea Sake. Aliyekuwa na akiba ndani ya simu alitembea bila kuibeba, na huo ulikuwa ushindi wa kweli wa fedha ya simu. Ila njiani alihitaji maji na mahali pa kulala, na muuzaji wa maji alitaka noti.

Mwaka 2025

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma kwa mara ya pili, na safari hii haikuondoka. Uwanja wa ndege ukafungwa. Tawi la Benki Kuu likafungwa, na benki za biashara zikashusha milango. Mashine za kutolea fedha zikanyamaza. Mji wenye watu zaidi ya milioni moja ukabaki na noti zile tu zilizokuwa mifukoni na drooni siku ile.

Hapo ndipo ilipoonekana kazi ya ile safari ya wakala kwenda benki. Mshahara wa mwalimu wa Keshero uliendelea kuandikwa kwenye akaunti yake. Ndugu walioko Kinshasa, Nairobi au Ulaya waliendelea kutuma fedha kwa simu. Tarakimu ziliongezeka, noti hazikuongezeka. Mwenye kabine aliyejaza simu yake hakuwa na pa kwenda kuibadilisha. Noti zikapanda bei: anayetaka taslimu akakatwa asilimia juu ya ada ya kampuni, na kadiri noti zilivyoadimika makato yakaongezeka. Fedha iliyo mkononi na fedha iliyo kwenye simu, ambazo kanuni ya 2011 ilitaka ziwe kitu kimoja, zikawa na bei mbili. Faranga zilizobaki zilichakaa kwa kupita mikono mingi bila kubadilishwa, na chenji ikawa ugomvi wa kila siku sokoni.

Wenye uwezo walivuka mpaka. Gisenyi ina benki zinazofanya kazi, na foleni za Wakongomani zikaonekana huko, wakitoa dola au faranga za Rwanda na kurudi nazo Goma. Miaka sitini na mitano baada ya miji hiyo kuacha kutumia fedha moja, benki ya Goma ilikuwa ng'ambo ya mpaka. Asiye na kibali cha kuvuka wala akaunti huko alibaki na kabine.

Aprili 2025 utawala wa M23 ulifungua upya tawi la Cadeco mjini Goma na kulitangaza kama jibu la uhaba wa fedha. Uongozi wa Cadeco Kinshasa ulilikana. Jengo lilikuwa na makarani, kaunta na jina lililojulikana tangu 1950, lakini halikuwa na Benki Kuu nyuma yake ya kulipatia noti wala kulifungulia njia ya kuhamisha fedha kwenda benki nyingine. Benki inaweza kufunguliwa kwa amri ya mwenye bunduki. Amana za watu haziji kwa amri.

Kinshasa ina hoja yake. Serikali yoyote ingesita kupeleka shehena za noti katika mji unaoshikwa na wanaoipiga vita. Lakini gharama ya msimamo huo hailipwi na M23, ambayo ina vyanzo vyake vya kodi na madini. Inalipwa na muuguzi wa hospitali ya Keshero anayekatwa sehemu ya mshahara wake kila anapotaka kununua unga, na mama wa Kituku ambaye mteja wake ana fedha asiyoweza kumpa.

Wataalamu wa malipo wamezoea kupima maendeleo kwa idadi ya akaunti za simu na thamani inayopita humo. Kwa kipimo hicho Goma imepiga hatua kubwa tangu siku za phonie. Kipimo hicho hakionyeshi kwamba mfumo mzima ulining'inia kwenye ghala moja la noti, na ghala hilo kwenye uwanja mmoja wa ndege na uamuzi wa mji ulioko zaidi ya kilomita 1,500 magharibi. Dawa inajulikana na haihitaji uvumbuzi mpya. Noti zinaweza kuhesabiwa kama dawa na chakula, vitu vinavyopita mstari wa vita kwa makubaliano na chini ya uangalizi. Benki zenye matawi Gisenyi na Kampala zinaweza kuruhusiwa kumhudumia mteja wao wa Goma bila kumtoza kama mgeni, sasa kwa kuwa Kongo ni mwanachama wa jumuiya moja na nchi hizo. Na kampuni za simu zinaweza kulazimishwa kuweka ukomo wa makato mji unapozingirwa, na kuwawezesha wafanyabiashara kupokea malipo bila ada ili noti chache zilizopo ziachiwe wasio na simu.

Hadi hayo yafanyike, kampuni na wizara zitaendelea kutangaza huduma mpya, na Keshero itazitumia kwa bidii kama ilivyozitumia zote zilizopita. Ila kipimo cha mtaa kitabaki kimoja, nacho hakijabadilika tangu Krismasi ya 1979: mwalimu akiandikiwa mshahara wa dola mia, je, atashika mia nzima?